Keki moja ya ndugu wawili: historia ya kugawana siku ya kuzaliwa

Wiki hii tunakwenda kusini mwa China, katika jiji la Guangzhou, kwenye barabara ambayo wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki wameikanyaga pasipo kuuliza maana ya jina lake. Zhanqian kwa Kichina ni "mbele ya stesheni", na ndivyo ilivyo. Barabara hiyo iko jirani na stesheni ya reli ya Guangzhou, iliyofunguliwa mwaka 1974, na kandokando yake yamepangana majengo ya maduka ya nguo za jumla. Jirani yake ni barabara ya Zhanxi, yaani "magharibi ya stesheni", inayosifika kwa saa za mkononi. Si mbali na hapo, katika eneo la Liuhua, ndipo yalipofanyika tangu mwaka 1974 Maonyesho ya Biashara ya Canton, yaliyoasisiwa mwaka 1957, mpaka yalipomaliza kuhamia Pazhou mwaka 2008.

Habari za marobota na makontena yanayotoka hapa kwenda Kariakoo, Eastleigh na Owino zimekwisha kusimuliwa sana, nasi leo hatutazirudia. Tunataka kuzungumzia jambo dogo zaidi, ambalo hata hivyo lina historia ndefu kuliko biashara hiyo yote: sherehe ya siku ya kuzaliwa ya watoto, na hasa desturi ya wazazi kuwafanyia ndugu wawili au watatu sherehe moja kwa pamoja. Je, mtoto anayegawana siku yake na nduguye hupunjwa?

Swali hilo nililisikia kwa mara ya kwanza likiulizwa na mwenye haki nalo, yaani mtoto mwenyewe. Ilikuwa mwaka 2018, siku ya Jumapili mwishoni mwa mwezi Juni, katika nyumba ya kupanga ghorofani, mwendo mfupi kutoka Zhanqian. Mama mwenye nyumba alikuwa Mtanzania, mnunuzi wa nguo za watoto. Mumewe alikuwa akiuza dukani Dar es Salaam na kuja China kwa viza ya siku 30. Mtoto wao wa kiume alikuwa ametimiza miaka 6 mwezi Mei. Wa kike alikuwa atimize miaka 4 mwezi Agosti. Sherehe ikawekwa katikati, katika siku ambayo haikuwa ya yeyote kati yao, kwa sababu ndiyo Jumapili pekee ambayo baba yao alikuwepo.

"Mama, leo ni siku ya nani?" akauliza yule mvulana, mbele ya wageni.

"Leo ni siku yenu," akajibu mama.

Jibu hilo halikumridhisha. Akasema yeye hapulizi mishumaa ya mtu mwingine. Watu wazima wakacheka, lakini mama yake hakucheka. Alichukua kisu, akachora mstari juu ya keki bila kuikata, akachomeka mishumaa sita upande huu na minne upande ule, akaagiza wimbo uimbwe mara mbili. Ukaimbwa mara mbili. Mvulana akapuliza ya kwake, kisha akasimama kando akamsubiri dada yake, na dada alipopuliza mara ya kwanza asiweze kuizima, kaka mtu akamsaidia.

Nilimuuliza mama yule kama ni gharama iliyomfanya aziunganishe. Alinitazama kana kwamba sijawahi kukaa ugenini. "Kaka, keki hapa si ghali," alisema, "ghali ni watu." Wenzake wana vibanda sokoni, hawawezi kuvifunga mara mbili katika miezi miwili kwa ajili ya watoto wa mtu mmoja. Baadhi yao walikuwa wametoka misani alasiri ile, katika Kanisa Kuu la Shishi lililojengwa kwa mawe matupu kati ya mwaka 1863 na 1888, ambako Waafrika wengi huhudhuria ibada ya Kiingereza. Njiani walipitia maduka ya Barabara ya Yide, palepale penye kanisa, ambako maputo, kofia za karatasi na vitu vya kuchezea vya watoto huuzwa kwa jumla. Wengine walikuwa Waislamu wa Pwani, wanaosali Ijumaa katika msikiti wa Xianxian, ambapo kwa mujibu wa mapokeo ya Waislamu wa China ndipo alipozikwa sahaba Saad bin Abi Waqqas. Mezani kulikuwa na pilau, sambusa, na bakuli kubwa la tambi.

Tambi hizo zililetwa na jirani, mama wa Kichina mwenye umri wa miaka thelathini na kitu, pamoja na mayai yaliyopakwa rangi nyekundu. Wachina huziita tambi za maisha marefu, na huwa ndefu kwelikweli. Mwenye siku yake anatakiwa azile pasipo kuzikata, ili umri wake nao usikatike. Jirani huyo alikuwa na mshangao wake. Hakushangazwa na rangi za watu wala na muziki. Alishangazwa na keki yenye mstari. Alisema kwamba tangu azaliwe hajawahi kugawana keki na mtu, wala mumewe, wala binti yao.

Hapa, msikilizaji, inafaa tukumbuke tarehe. Tarehe 25 Septemba 1980 chama tawala cha China kilitoa barua ya wazi kikiwataka wanachama wake wawe na mtoto mmoja tu kwa kila ndoa. Sera hiyo ilikuwa na misamaha yake, hasa vijijini na kwa makabila madogo, lakini kwa familia za mijini ilishika barabara hadi sheria iliporuhusu watoto wawili kuanzia tarehe 1 Januari 2016, na baadaye watatu mwaka 2021. Kwa hiyo katika miji ya China kilikua kizazi kizima ambacho neno kaka na neno dada kililitumia kwa watoto wa ami na wa shangazi. Siku ya kuzaliwa ya mtoto ikawa siku ya mtoto huyo peke yake, akiwa ameketi kati ya wazazi wawili, babu wawili na nyanya wawili.

Lakini mtu akidhani kwamba hiyo ndiyo China ya asili, atakuwa amekosea kwa karne nyingi. Katika hesabu ya kale ya Wachina, mtoto huzaliwa akiwa na mwaka mmoja tayari, na huongeza mwaka wa pili si siku aliyozaliwa bali mwaka mpya wa kalenda ya mwezi unapoingia. Mtoto aliyezaliwa usiku wa kuamkia mwaka mpya huamka asubuhi akiwa na miaka miwili! Maana yake ni kwamba ndugu wote wa nyumba moja, na nyumba zote za kijiji, na vijiji vyote vya nchi, walikuwa wakiongeza umri siku moja.

Zaidi ya hapo, iko siku iliyotengwa kabisa kwa ajili hiyo. Siku ya saba ya mwezi wa kwanza inaitwa Renri, yaani siku ya binadamu. Simulizi inasema kwamba siku ya kwanza ni ya kuku, ya pili ya mbwa, ya tatu ya nguruwe, ya nne ya kondoo, ya tano ya ng'ombe, ya sita ya farasi, na ya saba ndiyo ya mtu. Kitabu cha Zong Lin, kilichoandikwa katika karne ya sita kuhusu mila za bonde la mto Yangtze, kinaeleza kwamba siku hiyo watu walipika mchuzi wa mboga saba na kukata vinyago vya watu kwa hariri ya rangi au kwa dhahabu nyembamba. Watu wa Guangzhou wameishika siku hiyo kuliko wengi. Wazee wao huieleza kuwa siku ya kuzaliwa ya kila mtu, na wenyeji wa zamani walizoea kuvuka mto kwenda Huadi kutazama maua.

Je, sherehe ya mtu mmoja ilitoka wapi basi? Mwanazuoni Yan Zhitui, naye wa karne hiyohiyo ya sita, ametuachia maelezo mazuri. Anasema kusini mwa China mtoto akitimiza mwaka mmoja huvishwa nguo mpya, huwekewa mbele yake upinde, mishale, kalamu na karatasi kama ni wa kiume, au mkasi, kipimo na sindano kama ni wa kike, pamoja na vyakula na vito, kisha hutazamwa atashika nini. Jamaa hukusanyika na kula. Baada ya hapo, kila mwaka siku hiyo hunyweshwa na kuliwa kwa sharti moja: wazazi wawe hai. Yan anawalaumu wale ambao wamekwisha kufiwa na wazazi na bado wanajifanyia karamu. Anamtaja mfalme Yuan wa nasaba ya Liang, ambaye ujanani alikuwa akiiadhimisha siku yake kila mwaka, lakini mama yake alipofariki akaiacha. Kwa watu hao, msikilizaji, siku ya kuzaliwa haikuwa mali ya aliyezaliwa. Ilikuwa ya aliyezaa. Mfalme Xuanzong wa nasaba ya Tang ndiye aliyevunja kiasi hicho mwaka 729, alipoifanya siku yake mwenyewe kuwa sikukuu ya taifa; lakini huyo alikuwa mfalme.

Turudi kwetu. Mababu zetu wengi wa Afrika Mashariki hawakuwa na tarehe, walikuwa na majina. Mjaluo aliyezaliwa usiku ni Otieno, wa wakati wa mvua ni Okoth. Kwa Waluhya, Wafula na Nafula ni wa mvua, na Wanjala ni wa msimu wa njaa. Pwani tuna Juma na Khamisi, Rajabu na Ramadhani. Julius Nyerere alipewa jina la Kambarage kutokana na mvua. Jina kama hilo linakumbusha siku kila linapotajwa, basi kuna haja gani ya kuikumbuka mara moja kwa mwaka?

Sherehe za utoto zilikuwepo, tena kubwa, ila hazikufuata mzunguko wa mwaka. Kwa Waislamu kuna akika siku ya saba, na kwa desturi ya Pwani kuna arobaini, mama anapotoka ndani. Siku ya kuzaliwa iliyosherehekewa kila mwaka ilikuwa moja tu, ya Mtume, na hiyo ilikuwa ya wote: Maulidi ya Lamu katika mwezi wa Mfungo Sita hadi leo hukusanya watu kutoka pwani nzima. Kisha kulikuwa na jando. Na hapa ndipo ninapoona mzazi wa kweli wa keki ile yenye mstari. Baba mwenye watoto wa kiume waliopishana mwaka mmoja, miwili au hata mitatu hakuita ngariba mara tatu. Alisubiri, akawaingiza pamoja, akachinja mara moja, ngoma ikapigwa mara moja. Mkubwa alicheleweshwa kidogo, mdogo aliharakishwa kidogo. Hakuna aliyesema kwamba wamepunjwa. Kinyume chake, waliotoka jando moja walikuwa na deni la maisha wao kwa wao. Wakikuyu walilikuza jambo hilo hata likawa kalenda: waliotahiriwa mwaka mmoja ni riika moja, nalo likapewa jina la tukio la mwaka huo, na mtu akiulizwa umri hutaja riika lake.

Mapacha ndio pekee waliogawana siku kwa maumbile, na jamii zetu ziliwatazama kwa heshima iliyochanganyika na hofu. Wasukuma na Wanyamwezi humwita wa kwanza Kulwa na wa pili Doto, na mtoto anayewafuata tumboni huitwa Shija. Buganda mama wa mapacha huitwa Nnalongo na baba Ssalongo, na anayefuata huitwa Kizza. Tazama jinsi jambo lilivyo: Shija na Kizza hawakuzaliwa pacha, lakini majina yao hayana maana bila ya waliowatangulia. Mtu anatambulishwa kwa nafasi yake katika mstari wa nduguze.

Siku ya kuzaliwa ya mtu mmoja mmoja, yenye tarehe na keki, ililetwa kwetu na shule, kanisa na ofisi. Katika Kenya na Tanganyika chini ya Waingereza, usajili wa vizazi ulianza kwa Wazungu na Waasia, na Waafrika walio wengi waliachwa nje kwa miongo mingi. Kwa hiyo walimu na mapadri ndio waliokadiria tarehe, mara nyingine kwa kutazama meno. Wimbo nao ulikuja na shule. Sauti yake ilitungwa Louisville, Kentucky, na Mildred Hill, na maneno ya kwanza, ambayo yalikuwa ya salamu za asubuhi darasani, na Patty Hill aliyekuwa mwalimu wa watoto wadogo. Yalichapishwa mwaka 1893. Mildred na Patty walikuwa ndugu wa tumbo moja. Sisi tumeuongezea la kwetu, kwani baada ya kuimba, Nairobi na Dar es Salaam, mwenye siku yake humwagiwa maji.

Katika Guangzhou tarehe si mchezo. Sheria ya China ya uraia, iliyopitishwa tarehe 10 Septemba 1980, wiki mbili tu kabla ya ile barua ya mtoto mmoja, haimpi uraia mtoto aliyezaliwa China na wazazi wageni, isipokuwa wazazi hao wawe hawana uraia wowote au uraia wao haujulikani, nao wawe wamefanya makazi nchini humo. Mwenye mzazi mmoja Mchina na aliyezaliwa huko ni Mchina, na uraia wa nchi mbili hautambuliwi. Sheria ya kuingia na kutoka nchini, inayotumika tangu tarehe 1 Julai 2013, inawataka wazazi wageni wamsajili mtoto polisi ndani ya siku 60 tangu azaliwe. Anayekaa nchini kupita muda wa kibali hutozwa hadi yuani 500 kwa kila siku, zisizozidi 10,000, au huwekwa ndani kati ya siku 5 na 15. Kwa hiyo ndani ya siku hizo 60, mama wa Kiswahili aliyejifungua karibu na Zhanqian anapaswa awe amekwisha kupata hati ya hospitali, pasipoti kutoka ubalozini, na muhuri wa polisi. Mama wa keki ile aliniambia kwamba tarehe ya binti yake aliihifadhi kwa moyo kwa Kichina kabla ya kuijua kwa Kiswahili. Nduguze wawili hawa, mmoja wa Dar es Salaam na mmoja wa Guangzhou, wana tarehe mbili, vyeti viwili vya lugha mbili, na viza zinazokwisha katika miezi tofauti. Serikali zimewatenganisha vya kutosha. Nadhani mama hakukosea kuwaweka juu ya keki moja, wala mtoto hakukosea kudai mstari.

Ilipofika mwaka 2020 hata mstari haukuwa na pa kuchorwa. China ilifunga mipaka yake kwa wageni walio wengi tarehe 28 Machi mwaka huo, na mwezi uliofuata Waafrika wengi wa Guangzhou walitolewa katika nyumba na hoteli au kuwekwa karantini kwa nguvu, hata mabalozi wa nchi za Afrika mjini Beijing wakaandika barua ya kulalamika. Uongozi wa jiji ulitangaza wakati huo kwamba Waafrika waliobaki walikuwa 4,553. Baba aliyekuwa nje hakuweza kuingia. Utoaji wa viza zote haukurejea mpaka mwezi Machi 2023, na kwa familia nyingi siku za kuzaliwa za miaka mitatu zilipita kwenye kioo cha simu, tofauti ya saa ikiwa tano, keki ikikatwa usiku upande mmoja na mchana upande wa pili.

Wako pia ndugu ambao tarehe yao moja haikuchaguliwa na mzazi wala na Mungu. Wakimbizi wengi kutoka Somalia, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo waliopokelewa Marekani wameandikiwa katika hati zao kwamba walizaliwa tarehe 1 Januari. Walipoandikishwa kambini, karani alihitaji tarehe nao walikuwa na mwaka tu, pengine wa kukadiria; akajaza siku ya kwanza ya mwezi wa kwanza. Hivyo hutokea nyumba ambamo baba, mama na watoto wanne wote wamezaliwa siku moja kwa mujibu wa serikali, na watoto shuleni hulazimika kueleza kwamba wao si mapacha. Baadhi ya familia hizo zimeigeuza kuwa sikukuu yao, wakapika na kualika watu mwaka mpya. Lakini mtoto akiuliza pembeni, mimi hasa nilizaliwa lini, mama hatazami karatasi. Atamwambia kuwa ilikuwa mvua zinaanza, mahindi hayajabeba, na kaka yako alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama.